Mpira Uliobaki Hewani

Mwaka 2006 mgao wa umeme ulikuwa mkali kweli. Mvua zilikosekana, maji ya bwawa la Mtera yakashuka, na Dar es Salaam nzima ikawa inaishi kwa ratiba ya kuzimiwa na kuwashiwa, ratiba ambayo yenyewe haikuaminika. Mama alihangaika na friji. Wenye saluni walihangaika na jenereta. Mimi nilikuwa na miaka 14, na hangaiko langu lilikuwa moja: kibanda cha gemu.

Kilikuwa Magomeni, uchochoroni, mabati juu na mabati pembeni, na mlangoni imetundikwa kanga iliyopauka ili jua lisipige kwenye vioo. Ndani kulikuwa na TV mbili za chogo, PlayStation 2 mbili na mabenchi matatu ya mbao. Joto lake usiseme. Mechi moja shilingi 200. Aliyefungwa ananyanyuka, aliyeshinda anabaki, na wanaosubiri wana ruhusa ya kusema lolote mradi wasiguse pedi. Mwenye kibanda tulimwita Kamisaa, kwa kuwa ugomvi wote uliishia kwake na hukumu yake haikukatiwa rufaa.

Tulicheza Winning Eleven ya Konami. Diski nyingi zilikuwa za kunakili, za Kijapani, kwa hiyo mtangazaji alikuwa Mjapani na menyu zote zimeandikwa kwa herufi ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyezijua. Tulizikariri kwa mahali zilipo: mstari huu wa kubadili mchezaji, ule wa kupanga mfumo. Mtoto mmoja aliweza kuitangaza mechi nzima kwa Kijapani chake cha kuiga, na watu wazima waliokuwa wakipita nje walisimama kumsikiliza. Ikitokea diski ya Kiingereza, Liverpool iliandikwa Merseyside Red kwa sababu ya mambo ya leseni. Haikutusumbua. Tulijua ni Liverpool.

Siku ninayotaka kuisimulia nilikuwa na Inter, na rafiki yangu, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa na Barcelona. Adriano wa Inter, kwenye gemu ile, alikuwa na mguu wa kushoto wa kutisha. Kibandani kwetu iliwahi kupigwa kura kama apigwe marufuku. Mbili kwa mbili, dakika ya 88. Ronaldinho wake kachelewa kutoa pasi, nikamnyang'anya karibu na mstari wa kati, nikampa Adriano, nikamgeuza, nikabonyeza kitufe cha kupiga mpaka kipimo cha nguvu kikajaa. Kwa umbali ule mtu mwenye akili zake hapigi. Nilipiga. Mpira ukaondoka, kipa akaruka, na umeme ukakatika.

Kwenye kioo ikabaki nukta moja nyeupe, katikati kabisa, ikafifia polepole.

Kelele zilizopigwa mle gizani sijazisikia tena mahali pengine. Nusu ya mabenchi walisema goli, nusu walisema umetoka nje, na wote walikuwa na hakika. Kamisaa akawasha tochi ya simu yake ya Nokia, akatumulika usoni mmoja mmoja kama anayesaka shahidi wa kweli, halafu akahukumu: mechi irudiwe umeme ukirudi, bila malipo. Umeme ulirudi saa nne usiku, tumeshaitwa nyumbani zamani. Hatukuirudia kamwe. Lakini tuliisimulia njia nzima ya kurudi, tukaisimulia kesho yake shuleni, na wiki iliyofuata bado kulikuwa na watu ambao hawakuwepo lakini walikuwa na upande.

Nimeirefusha habari hii kwa sababu ndiyo ushahidi wangu. Ni zaidi ya miaka kumi na tano sasa, na bado naweza kukuambia kipa aliruka upande gani.

Mwaka 2017 nilikuwa mtu mzima mwenye kazi katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mwenye mke, mtoto na kochi. Nilishanunua PlayStation 4 Kariakoo, iliyotumika lakini nzima, na TV pana ya ukutani. Hakuna wa kuninyanyua kwenye benchi. Umeme ulikuwa wa kununua mwenyewe kwa luku, bando la intaneti la kutosha, kiyoyozi kidogo dirishani. Kila nilichokikosa kibandani nilikuwa nimekipata.

Nilikuwa nacheza gemu ya mpira ya mtandaoni. Unajenga timu yako kwa kadi za wachezaji, kadi unazipata kwenye pakiti, pakiti unazipata kwa kushinda au kwa kulipa pesa. Kila siku kuna kazi ndogondogo za kutimiza ili upewe zawadi: funga magoli mawili kwa kichwa, toa pasi za magoli tatu kwa mchezaji wa taifa fulani. Na kila mwisho wa wiki kulikuwa na mashindano ya mechi 40, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili usiku. Piga hesabu: mechi moja ni dakika 12 za kucheza, na ukiweka kusubiri mpinzani, kupanga kikosi na kurudi kwenye menyu inafika 15. Mara 40 ni dakika 600. Saa kumi kila mwisho wa wiki, na hapo hujakutana na mpinzani wa muda wa nyongeza.

Niliifanya kazi hiyo karibu miaka miwili. Nimeandika kazi, na sijakosea neno. Jumatano nilikuwa nahesabu siku za kufika Ijumaa. Jumamosi mtoto akiomba twende Coco Beach nilikuwa najibu jioni, nikijua mechi 17 zimebaki. Mke wangu hakugomba. Alikuwa ananiona niko nyumbani, silewi, sina makuu, na alifikiri hiyo ndiyo starehe yangu baada ya wiki ya kupambana na makontena na makaratasi. Hata mimi nilifikiri hivyo.

Jumapili moja mwaka 2019, yapata saa sita usiku, nilimaliza mechi ya mwisho. Nilishinda. Nikafungua zawadi moja baada ya nyingine nikibonyeza kitufe kilekile bila kusoma, kama anayegonga mihuri. Nikazima. Mke wangu, nusu yuko usingizini, akauliza: "Umeshinda?"

Nikasema ndiyo.

"Ulifungaje?"

Nikanyamaza. Nilitaka kumjibu, tena nilifurahi kwamba ameuliza, lakini hakikuja kitu. Nikarudi nyuma: mechi ya mwisho, sikumbuki. Ya kabla yake, sikumbuki. Nikajaribu Jumamosi, nikajaribu Ijumaa. Nilikuwa nimefunga magoli ambayo pengine yalizidi mia ndani ya siku tatu, na hakuna hata moja ambalo ningeweza kulisimulia. Nililala chali gizani nikautazama mpira wa Adriano ukiondoka.

Wazo lililonijia usiku ule sijaliacha tangu hapo, na ndilo lililonifanya niandike. Sikuwa nimeanza kupoteza raha ya gemu siku ile. Raha ilishaondoka zamani, pengine mwaka mzima kabla, na sikuiona ikitoka kwa sababu hamu ilibaki kwenye kiti chake. Kila Ijumaa hamu ilikuja na nguvu zote, moyo ukadunda, vidole vikawasha, nami nikaiamini. Nani asiyeamini hamu yake? Ukiona unakitaka kitu kiasi hicho, utasema unakipenda.

Kiswahili hakijawahi kuyachanganya haya mawili. Tunasema fulani ana hamu ya kitu, na tunasema fulani kaona raha, na hakuna anayedhani kusema moja ni kusema la pili. Mvuta sigara wa miaka thelathini atakwambia hamu iko palepale, utamu hakuna. Kumbe hata wanasayansi walikuja kuligundua hilo, na walilazimika kupitia kwa panya. Nilisoma baadaye kuhusu Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1989 yeye na wenzake walichapisha majaribio ya panya walioondolewa karibu dopamini yote katika sehemu fulani ya ubongo. Panya hao waliacha kutafuta chakula. Ungewaacha hivyo wangekufa njaa na chakula kiko mbele yao. Lakini walipodondoshewa maji ya sukari mdomoni, walilamba midomo kama panya wazima. Raha ilikuwepo, hamu haipo. Halafu likaja la upande wa pili, ambalo lilinifanya niweke simu chini: panya waliochochewa kwa umeme sehemu fulani ya ubongo walikula kupita kiasi, ila nyuso zao hazikuonyesha kwamba chakula kimezidi utamu. Walikula tu.

Nilimfahamu panya yule.

Wakati huo nilisoma pia habari za watoto wa chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachukua watoto waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi bila kuambiwa na mtu. Baadhi yao wakaahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe mwekundu wakichora. Wakachora, wakapewa. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zilipowekwa tena mezani bila ahadi yoyote, watoto wale walitumia karibu nusu tu ya muda walioutumia wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupungukiwa. Kilichoharibu ni kuchora huku unakitazama cheti.

Kibandani hapakuwa na zawadi. Ukishinda unabaki kwenye benchi, basi, na kubaki maana yake unacheza tena. Malipo ya mchezo yalikuwa mchezo. Kwenye gemu yangu ya ukubwani kila nilichofanya kilikuwa na malipo yake pembeni, na malipo yenyewe yalikuwa ya kubahatisha, pakiti usiyojua ndani kuna nini. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya namna hiyo, yanapouzwa kwa pesa ndani ya baadhi ya gemu, ni kamari. Sikushangaa. Mtu aliyewahi kukaa saa saba usiku akisubiri pakiti ifunguke hahitaji tume kumweleza.

Lakini nitakuwa mwongo nikiisukumia gemu lawama zote. Nilikuwa nachoka. Nilikuwa natoka bandarini na kichwa kizito, nasimama kwenye foleni ya mwendokasi, nafika nyumbani saa mbili na nusu, na nilitaka kitu cha kunishika ili nisifikiri. Kushikwa si kufurahi, na kwa muda mrefu sikujua tofauti yake. Nilichohitaji pengine kilikuwa usingizi. Mtoto wa miaka 14 aliyekaa kibandani hakuwa anamkimbia mtu. Alikuwa amesubiri tangu asubuhi.

Nilijaribu dawa zote ambazo mtu hujaribu. Nilinunua gemu nyingine, zile za dunia kubwa ya kuzunguka, ramani imejaa alama utafikiri surua, nikacheza saa sita na kuiacha. Nikanunua nyingine kwa punguzo. Nikanunua pedi mpya. Nilifika mahali nina gemu kumi na tisa ambazo sijawahi kuzifungua, na nikikaa mbele ya TV natumia dakika ishirini kuzipitia picha zake, juu, chini, juu, halafu naenda kulala.

Nilijiuliza pia kama naumwa. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa gemu kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, orodha iliyoanza kutumika Januari 2022, na vigezo vyake nimevisoma: mtu kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine yote, kuendelea hata inapomharibia maisha, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Sikufika huko. Kazini nilifika kwa wakati, ada nililipa. Kuna swali jingine ambalo nilijiuliza kwa uzito zaidi, na ningemwomba yeyote aliyepoteza ladha ya kitu alichokipenda ajiulize: je, ni gemu peke yake? Mwenzangu mmoja wa kazini alianza vilevile, mpira ukamwishia utamu, halafu chakula, halafu watoto wake, halafu asubuhi akawa hawezi kutoka kitandani. Yake ilikuwa sonona, alikwenda hospitali, akatibiwa, na leo yupo. Mimi bado nilipenda pweza wa jioni na bado nilicheka na mwanangu. Gemu tu ndiyo ilikuwa imekufa mikononi mwangu, nami nilikuwa bado naibeba.

Sikuiacha kwa kishindo. Niliruka Ijumaa moja. Ijumaa ile ilikuwa mbaya. Saa tatu usiku nilikuwa natembea sebuleni kama mtu aliyesahau kitu sokoni. Ya pili ikawa nafuu. Ya tatu nilishtuka Jumapili kwamba mashindano yameisha. Hamu ilikufa ndani ya wiki sita hivi, na ajabu ni kwamba haikuacha pengo lolote. Kitu nilichokitumikia karibu miaka miwili kiliondoka bila hata kuniachia majonzi. Majonzi niliyokuwa nayo yalikuwa ya zamani zaidi.

Nilimpigia simu yule rafiki yangu wa Barcelona. Sasa anaishi Muscat, anaendesha lori, na tulikuwa tunazungumza labda mara mbili kwa mwaka, sikukuu kwa sikukuu. Baada ya salamu na kuulizana hali za wazazi nilimwambia ninachopitia, nikitarajia atanicheka. Hakucheka. Alikaa kimya kidogo, akasema hata yeye alinunua mashine alipopata mshahara wa kwanza kule, na ipo chini ya kitanda.

Halafu akasema: "Na ule mpira wako ulitoka nje."

Tulibishana dakika arobaini. Alikuwa na hoja mpya: kwamba kipa wake aliruka upande uleule wa mpira, na kipa yule kwa umbali ule alikuwa hafungwi. Nikamwambia mpira ulikuwa unapinda. Akasema Adriano alikuwa hapindishi, alikuwa anapasua. Salio lilikata tukiwa kwenye upepo.

Wazee wetu walituambia gemu ni kupoteza muda, na kwa miaka mingi nimelikataa neno hilo. Bado nalikataa. Muda wa kibandani haukupotea, ninao. Naweza kuutoa hapa na kuuweka mezani ukauona. Muda uliopotea ni ule wa saa kumi kila mwisho wa wiki, na haukupotea kwa sababu nilikuwa nacheza. Ulipotea kwa sababu sikuwepo. Siku hizi mtu akiniuliza atajuaje kama bado anafurahia anachokicheza, simuulizi anacheza saa ngapi. Namuuliza juzi alicheza nini, kikatokea nini. Wapo wanaosimama kukuonyesha kwa miguu. Wapo wanaofikiri, wakafikiri, wakatazama pembeni, nami simwongezei neno mtu wa namna hiyo, kwa sababu najua usiku utamfundisha.

Mashine yangu sikuiuza. Ilikaa ndani ya kabati, imefungwa kwenye taulo, hadi Desemba iliyopita mpwa wangu wa miaka kumi alipokuja likizo kutoka Morogoro. Akaikuta kabla hata hajamaliza kuvua viatu. Tuliiunganisha, pedi mbili, bila intaneti, kwa sharti kwamba tunacheza mechi moja kisha tunakwenda kula. Akanifunga tatu kwa moja. Nikanyanyuka, kama inavyotakiwa.

Mezani hakukaa. Alikuwa na habari ya kumpa bibi yake, na habari ilihitaji vifaa: kikopo cha chumvi kikawa kipa, kipande cha limau kikawa mpira, vijiko vitatu vikapangwa kwenye kitambaa kama mabeki. Mama yangu, ambaye mwaka 2006 aliwahi kunifuata kibandani na kandambili mkononi, aliacha kula akasikiliza.

"Bibi, nikampiga chenga huyu. Na huyu. Na huyu. Watatu!"

"Wawili," nikasema.

"Watatu, mjomba."

"Wawili. Huyo wa tatu alishaanguka mwenyewe kabla hujamfikia. Aligongana na mwenzake."

Akanitazama, akatazama vijiko. Akakichukua cha tatu, akakilaza ubavu karibu na bakuli la mchuzi, akamweleza bibi yake kwamba ni kweli alianguka, ila alianguka kwa kuiogopa chenga.

Bibi akauliza kipa alikuwa wapi muda wote huo.